Kuandaa Mashindano ya Kitaifa ya Vyuo Vikuu Mjini Mombasa: Hatua kwa Hatua

Kwa miaka kadhaa nimeketi kwenye meza ya uratibu vyuo vikuu kutoka pembe zote za nchi vilipokuja Mombasa kushindana, na magomvi mengi niliyoyasuluhisha kando ya uwanja yalikuwa yamezaliwa zamani, kwenye karatasi ambayo mtu hakuiandika au aliiandika akiwa amekwisha kuchelewa. Ndiyo maana sehemu kubwa ya mwongozo huu inahusu kazi inayofanyika kabla ya kipenga cha kwanza.

Hatua ya kwanza: Chagua tarehe

Anza miezi minane kabla. Iandikie ofisi ya michezo ya kila chuo ukiomba kalenda ya masomo na mitihani, kwa sababu vyuo vyetu havifungui wala havifungi pamoja, na chuo chenye mitihani kitaleta kikosi nusu au kisije kabisa. Kisha itazame kalenda ya Pwani yenyewe. Mwezi wa Ramadhani husogea nyuma kwa siku 10 au 11 kila mwaka, kwa hiyo tarehe iliyofaa miaka mitatu iliyopita huenda leo ikaangukia ndani ya mfungo. Masika hulowesha viwanja mwezi wa Aprili na Mei, na wakati wa kaskazi, kuanzia Desemba hadi Machi, joto humchosha mchezaji aliyetoka Eldoret au Nyeri kabla hajagusa mpira. Mimi hupendelea Agosti, ingawa upepo wa kusi hupeperusha mipira ya juu na hivyo voliboli inahitaji ukumbi au uwanja uliokingwa.

Hatua ya pili: Kagua viwanja na malazi kwa macho yako

Usikubali maelezo ya simu. Nenda na tepu. Uwanja wa voliboli ni mita 18 kwa 9, na wavu huwekwa mita 2.43 kwa wanaume na mita 2.24 kwa wanawake. Weka alama mbili za rangi kwenye kila nguzo, kwani mechi zikipishana kutwa nzima kuna wakati vijana watauinua wavu kwa kukisia. Mpira wa vikapu utafute sakafu ya ndani, kama ule ukumbi wa Makande ambao wapenzi wa mchezo huo wanaujua vizuri.

Malazi yawe upande mmoja na viwanja. Timu iliyolala Likoni na kutakiwa kuwa kisiwani saa moja asubuhi imewekwa mikononi mwa foleni ya feri, na hakuna kanuni ya mashindano itakayoiharakisha feri hiyo. Timu zinazosafiri kwa basi usiku kucha zifike siku moja kabla ya mechi yao ya kwanza.

Hatua ya tatu: Funga mlango wa mamluki

Hapa usiwe na haraka, kwa kuwa mashindano ya vyuo vikuu ambayo hayawezi kuthibitisha kwamba wachezaji wake ni wanafunzi hayana haki ya kujiita hivyo. Kila chuo kilete orodha yenye jina, picha, nambari ya usajili, kozi na mwaka wa masomo, ikiwa na sahihi na muhuri wa msajili wa chuo. Sahihi ya kocha haitoshi, maana kocha ndiye mwenye hamu ya kushinda. Orodha ifungwe siku 21 kabla ya mashindano, na baada ya hapo jina liongezwe kwa sababu ya jeraha tu, likithibitishwa na daktari. Taarifa hizi ni za watu binafsi na zinalindwa na Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019, kwa hiyo zisizagae kwenye makundi ya WhatsApp.

Andika pia nani anahesabiwa kuwa mwanafunzi. Shirikisho la kimataifa, FISU, lililoundwa mwaka 1949, humruhusu aliyeko masomoni na pia aliyehitimu katika mwaka uliotangulia mashindano, na katika michezo yake ya dunia ya mwaka 2025 kule Rhine-Ruhr, Ujerumani, umri ulikuwa miaka 18 hadi 25. Si lazima kuyanakili masharti hayo yote, lakini yafaa kuyakaribia, ili bingwa wa taifa atakapoitwa kwenye mashindano ya Afrika au ya dunia asilazimike kuacha nusu ya kikosi nyumbani.

Siku ya kuwasili, kila mchezaji apite mezani mwenyewe na kadi halisi. Mwaka mmoja nilikubali nakala, kwa huruma, kwa sababu timu ilikuwa imechoka na usiku ulikuwa umeingia. Asubuhi, nilipozipanga nakala zile mezani kwa mfuatano wa nambari, kadi mbili zilikuwa na nambari moja ya usajili na nyuso mbili tofauti. Timu ile ilikuwa imekwisha kuvaa jezi. Niliwaondoa wote wawili, na kijana aliyekuwa mwanafunzi wa kweli alilia mbele yangu, kwa kuwa sikuweza kujua kwa dakika 20 zilizobaki ni yupi kati yao. Lile lilikuwa kosa langu, na tangu hapo sijapokea nakala.

Hatua ya nne: Droo na ratiba

Droo ifanyike hadharani, wawakilishi wa vyuo wakiwepo, na wenyeji wasipewe kundi la kuchagua. Chukua mfano wa soka yenye timu 16 katika makundi manne. Kila kundi lina mechi 6, hivyo makundi yote yana 24. Ongeza robo fainali nne, nusu fainali mbili, mshindi wa tatu na fainali, upate 32.

Ukiwa na viwanja viwili, panga vipindi vitatu kwa siku: saa moja na nusu asubuhi, saa tatu na nusu, na saa kumi jioni. Katikati ya mchana acha jua lipite, na siku ya Ijumaa nafasi hiyo inawatosha wanaokwenda msikitini. Kila kipindi kipe kundi moja viwanja vyote viwili. Siku ya kwanza wacheze A, B na C. Ya pili D, A na B. Ya tatu C, D na A. Ya nne B, C na D. Kwa mpango huu mechi mbili za mwisho za kila kundi zinaanza kwa wakati mmoja, na hakuna timu inayoingia uwanjani ikijua matokeo yanayoifaa. Kombe la Dunia lenyewe lilianza kufanya hivyo mwaka 1986, baada ya mechi ya Ujerumani Magharibi na Austria ya mwaka 1982, iliyochezwa timu zote mbili zikijua matokeo yanayozifaa, kuwaudhi watu wengi. Makundi A na D yatacheza siku tatu mfululizo, jambo ambalo ni zito, kwa hiyo ruhusu vikosi vikubwa na siku ya tano iwe ya mapumziko.

Mechi za mtoano za jioni zianze saa tisa na nusu. Jua la Agosti huzama hapa mnamo saa kumi na mbili na nusu, na mechi ya saa kumi ikiingia muda wa nyongeza na penalti, mikwaju ya mwisho itapigwa gizani.

Fainali za wanawake zipewe saa na uwanja wenye heshima ileile. Nimeziona zikichezwa asubuhi mbele ya viti vitupu, na wachezaji wakakielewa vyema walichokuwa wakiambiwa.

Hatua ya tano: Waamuzi na huduma ya kwanza

Waamuzi watoke kwenye vyama vya michezo husika, na posho zao zilipwe siku ileile ya kazi. Mechi isianze bila muuguzi, machela, barafu na gari lililo tayari kwenda hospitali, hata kama mgeni rasmi amekwisha kuketi. Katika soka, simamisha mchezo karibu na dakika ya 30 na ya 75 ili wachezaji wanywe maji.

Hatua ya sita: Pingamizi

Kanuni zitaje muda wa pingamizi. Mimi hutumia dakika 30 baada ya kipenga cha mwisho, kwa maandishi, na sahihi ya nahodha na ya meneja wa timu. Ada ya pingamizi irudishwe likikubaliwa. Kamati iwe na watu watano, asiwemo yeyote wa vyuo vinavyohusika, na itoe uamuzi kabla ya mechi inayofuata ya timu yoyote kati ya hizo mbili. Taja vilevile namna ya kutenganisha timu zilizolingana pointi: je, hutazamwa kwanza mechi iliyozikutanisha au tofauti ya mabao? Njia zote mbili ni za haki, mradi imechaguliwa kabla ya droo.

Kila jioni bandika msimamo wa makundi kwenye ubao wa mabweni, ukiwa na sahihi ya mkurugenzi wa mashindano na saa ulipobandikwa, kisha uhifadhi nakala kwenye faili pamoja na karatasi za mechi za siku hiyo.