Namna ya Kumtunza Daktari Mwalimu ili Mwanafunzi Ajifunze
Katika hospitali za kufundishia za Uganda, kama Mulago, ambako wanafunzi wa Makerere hujifunza kando ya kitanda cha mgonjwa, daktari aliyekesha hufupisha maelezo, huacha kuuliza maswali na, pasipo kukusudia, humfundisha mwanafunzi kwamba ukali ni sehemu ya kazi. Kwa hiyo mkuu wa idara aanze na ratiba: anayetoka zamu ya usiku asiongoze mzunguko wa wodini asubuhi, na saa za kufundisha zihesabiwe kuwa kazi, si hisani. Uchovu sugu wa kazi unaozaliwa na hali hii (kwa Kiingereza, burnout), ambao mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani liliutaja kuwa hali itokanayo na kazi wala si ugonjwa, hauondolewi kwa semina ya siku moja, hata chai yake ikiwa nzuri.