Kabla hujabadilisha betri ya risiva

Jumapili moja kule Nzuguni, Dodoma, kwenye uwanda ulio jirani na viwanja vya Nane Nane, kigari changu cha injini, kile cha kuchezea kwa rimoti, kiliacha kunisikiliza. Nakata kona, hakikati. Nashika breki, wapi! Kilikwenda zake na moto wake mpaka kikajitupa korongoni. Tulipokifungua tulikuta betri moja kati ya zile nne ndogo, kama za saa ya ukutani, imeruka kutoka kwenye springi ya kasha lake. Injini haikuwa na haja na betri hiyo, ndiyo maana iliendelea kunguruma. Waliokuwa na haja nayo ni risiva na servo, yaani masikio na mikono ya kigari.

Wengi wakishapatwa na haya hukimbilia kuagiza betri yenye namba kubwa kuliko zote ya miliampea-saa, yaani kiasi cha umeme inachobeba. Mimi nasema hiyo namba iangalie mwisho. Anza na servo.

Ila kwanza hakikisha kigari chako kinayo betri ya risiva. Vigari vingi vya umeme havina: kidhibiti mwendo huchukua umeme wa betri kubwa, kikaupunguza na kuilisha risiva. Ninachosema hapa kinahusu vigari vya injini, vya mafuta ya naitro na vya petroli.

Sasa fungua kifuniko usome kilichoandikwa kwenye servo zote mbili, ya usukani na ya kabureta na breki. Servo nyingi za kawaida zimetengenezwa kwa volti 4.8 hadi 6. Nyingine huandikwa kabisa kwamba zinahimili 7.4. Ukishajua hilo, uchaguzi unakuwa mwepesi. Betri ya nikeli yenye seli tano ina volti 6, kwa kuwa kila seli ni volti 1.2, ikitoka kwenye chaja hufika karibu 7, kisha hushuka upesi. Ya LiFe, aina mojawapo ya lithiamu, yenye seli mbili ni volti 6.6, na ikijaa kabisa ni 7.2. LiPo, nayo ya lithiamu, ya seli mbili huandikwa 7.4, lakini ikijaa ni 8.4, na hiyo 8.4 ndiyo inayounguza servo za watu. Kama servo zako si za volti kubwa na bado unaitaka LiPo, kati ya betri na risiva weka kipunguza volti chenye uwezo wa ampea za kutosha. Servo kubwa ikikwama, gurudumu likibanwa na jiwe kwa mfano, inaweza kuvuta ampea mbili, tatu au zaidi. Hapo ndipo zile betri ndogo nne za dukani huzidiwa: kwa mita utasoma volti 6 safi, lakini servo zikivuta kwa pamoja volti zinaporomoka, risiva inajizima na kujiwasha tena, na wewe unailaumu rimoti.

Kwangu mimi nikeli ya seli tano ilitosha, na sijajuta.

Chaja nayo iwe tayari kabla betri haijafika. Nikeli, LiFe na LiPo kila moja ina namna yake ya kuchajiwa, na ukiichaji LiFe kwa mpangilio wa LiPo unaiua, pengine na kuiwasha moto. Nikeli haina makuu: ya miliampea-saa 1600 unaweza kuichaji kwa ampea 1.6 kwenye chaja inayojua kukata yenyewe, au polepole kwa miliampea 160 usiku mzima, kama saa kumi na nne hivi. LiPo ikivimba usiibembeleze, iache. Na kama kuna ndugu anakuletea betri za lithiamu kwa ndege, mwambie aziweke kwenye begi la mkononi. Kwenye mzigo wa chini haziruhusiwi.

Pima nafasi kwa rula. Kasha la risiva lilitengenezwa kwa umbo fulani, na betri za seli tano huja kwa maumbo mawili, zilizopangwa bapa na zenye nundu. Izungushie sponji, maana ardhi yetu ikikauka ni ngumu kama sakafu na mtikisiko wake huchosha viungio vya waya. Plagi usiziamini kwa rangi tu. Weka mita, uone chanya iko wapi, ndipo uchomeke. Kama plagi hazilingani, fundi simu yeyote pale Majengo atakuchomelea kwa risasi. Mwambie tu asikate nyaya mbili kwa mkato mmoja betri ikiwa na chaji.

Swichi ndiyo tunayoisahau. Ile ndogo ya kusukuma ikishakula vumbi la Dodoma, kuanzia Julai upepo unapochachamaa, hugusa leo na kesho isiguse. Betri ya laki moja nyuma ya swichi mbovu haina kazi. Ifunike kwa kipande cha mpira, au weka mpya siku hiyohiyo.

Kabla hujawasha injini, nyanyua kigari magurudumu yawe hewani, chezesha usukani na breki kwa pamoja dakika tano, huku mita ikiwa kwenye betri, uone kama volti zinaporomoka. Halafu zima rimoti: kama risiva imepangwa vizuri, servo inatakiwa ijipeleke yenyewe kwenye breki. Ila mpangilio huo huokoa pale mawimbi yanapokatika tu. Umeme wenyewe ukikatika, servo haina nguvu ya kwenda popote, kwa hiyo funga springi ya kurudisha kabureta, au hata rababendi ngumu. Ya kwangu imetoka kwenye mpira wa ndani wa baiskeli, na naibadilisha kila jua linapoipasua.