SOMO: Kuvuta picha ya HDMI na USB mbali na kompyuta, mita 20 kwenda juu

Habari zenu wakubwa na vijana wote. Leo nataka tuongee hii kitu ya kuvuta picha na USB kutoka kompyuta iliyo chumba kingine, maana naona watu wananunua kebo refu, picha inakataa, wanafikiri kompyuta imekufa wanaipeleka kwa fundi bure.

Mimi niko Mukono, Uganda, nyumba yetu ni ndefu, duka liko mbele sebule iko nyuma kabisa. Kompyuta iko dukani karibu na inverta na betri za sola. Mchana inafanya kazi ya duka, jioni watoto wanataka kusomea kwenye TV, na umeme ukikatika ule upande wa duka ndio unabaki na moto, sebuleni nimefikisha waya mmoja tu wa inverta wa TV na taa. Kompyuta ya pili sina pesa yake. Basi nikavuta picha, kibodi na mausi mpaka sebuleni, kebo mita 27 kupitia juu ya dari, na huu ni mwaka wa pili inaenda vizuri.

Kabla ya kununua chochote elewa kwanza kwa nini kebo ndefu inakataa, kwa sababu HDMI, ile ya picha, na USB, ile ya kibodi na mausi, zinakataa kwa njia tofauti. HDMI inachoka njiani. Picha ya 1080p ya fremu 60 inabeba karibu gigabiti 4.5 kila sekunde, ile ya 4K fremu 60 inafika 18, na shaba kadiri inavyokuwa ndefu inazidi kula signali ya kasi hivyo. Utaona kwanza vidoti vinametameta kwenye sehemu za giza, halafu skrini inazima sekunde moja inarudi, halafu hakuna picha kabisa. USB yenyewe ni habari ya muda. Kompyuta inauliza, kifaa kinajibu, na muda wa kungoja jibu umeshapangwa, jibu likichelewa inahesabu hakuna kitu pale. Ndio maana USB 2.0 kipimo chake ni mita 5 kwa kebo moja, hata ukinunua shaba nene namna gani haisaidii. Unaweza kuunganisha habu, kile kiboksi cha kugawa USB, katikati, na mwisho ni habu 5, kwa hesabu unafika kama mita 30, lakini habu tano zilizofichwa darini kwenye joto la mabati mimi siwezi kukushauri.

Hatua ya 1, pima. Chukua kamba, ipitishe kulekule kebo itakakopita, panda ukuta, zunguka kona, shuka, halafu ongeza mita 3. Usipime kwa macho, sebule yangu kwa macho ni mita 16.

Hatua ya 2, chagua njia. Chini ya mita 10 na unataka 1080p tu, nunua kebo nene ya HDMI na kebo ya USB yenye kibusta ndani, yaani kikuza signali, umemaliza, usijisumbue na hili somo lote. Kuanzia mita 10 kwenda juu ziko njia tatu za maana. Ya kwanza ni ekstenda ya kebo moja ya Cat6, ile kebo ya netiweki, kiboksi kimoja kwenye kompyuta kingine kwenye TV, chukua ile yenye matundu ya USB kwa ajili ya kibodi na mausi, nyingi za 1080p zinafika mita 50 au 60. Ya pili ni HDBaseT, aina ya ekstenda ya hali ya juu inayopita kebo ya netiweki hiyo hiyo, inafika mita 100, ilianzishwa 2010 na LG, Samsung, Sony na Valens, ni nzuri sana ila bei yake ni ya maofisi na makanisa makubwa. Ya tatu ni kebo ya HDMI yenye faiba ndani, yaani uzi wa kioo unaopitisha mwanga, nyembamba, 4K inapita bila shida, lakini USB lazima uitafutie njia yake, na ina upande wa kompyuta na upande wa TV, ukiigeuza hupati picha. Sasa kuna nyingine zinapitia swichi ya netiweki kama kawaida, hizo zinabana picha kwanza ndipo zitume, kwa kuangalia mpira sawa, lakini kwa mausi utaona mshale unakuja nyuma ya mkono wako na kuandika hivyo siku nzima kunachosha. Mimi nilichukua ya kwanza.

Hatua ya 3, kebo yenyewe, na hapa ndipo nakuomba usome polepole kwa sababu hapa ndipo pesa inapotea. Madukani kuna Cat6 ya shaba tupu na kuna ya aluminiamu iliyopakwa shaba juu, na kwa macho zinafanana, maandishi yale yale, rangi ile ile. Mimi mara ya kwanza niliuziwa boksi zima la aluminiamu katikati ya Kampala nikiambiwa ni shaba. Sasa kabla ya kulipa omba kipande cha sentimita 10, toa ganda, chukua waya mmoja, ukwangue na wembe taratibu upande mmoja. Shaba utakwangua mpaka uchoke inabaki nyekundu. Ile nyingine ukikwangua mara mbili tatu unaona weupe wa sufuria chini. Halafu ukunje na kuukunjua palepale mara kadhaa, aluminiamu inakatika upesi, shaba inavumilia. Na boksi la shaba ni zito, ukibeba yote mawili mkono wenyewe utakuambia. Muuzaji akikataa usikwangue, muage kwa heshima uende duka la pili. Chukua pia ile ya waya mmoja mgumu ndani, siyo ile ya nyuzinyuzi, ya nyuzi ni ya vipande vifupi tu.

Hatua ya 4, kupitisha. Ipitishe ndani ya paipu la PVC kama la waya za umeme, panya wa darini wanapenda hizi kebo. Usiilaze sambamba na waya wa umeme wa 240V, acha nafasi sentimita 20 au 30, na kama lazima zikutane zivuke kama msalaba. Kwenye kona usiivunje, izungushe kama unazungushia kikombe cha chai. Na usitie kiunganishi katikati, kebo iwe moja kutoka mwanzo mpaka mwisho.

Hatua ya 5, kukrimpu, yaani kubana plagi za RJ45 kwenye ncha za kebo. Pande zote mbili rangi ziwe sawa: nyeupe-chungwa, chungwa, nyeupe-kijani, buluu, nyeupe-buluu, kijani, nyeupe-kahawia, kahawia. Usizikunjue zile jozi zaidi ya sentimita moja na kidogo, ule msokoto ndio unaolinda signali, fundi anayekunjua sentimita nne ili apange rangi kwa raha ameshaharibu kazi. Testa ndogo ya taa nane inatosha kujua kama zimefika, lakini haitakuambia kama umekunjua sana, hiyo angalia kwa macho.

Hatua ya 6, umeme wa upande wa TV. Kiboksi cha sebuleni kipe adapta yake. Watu wanaruka hapa kwa kutaka kuokoa soketi moja. Fanya hesabu: waya wa Cat6 ile nyembamba (geji 24) una kama omu 0.084 kwa mita, kwa mita 25 kwenda na kurudi ni 50, unapata omu 4.2. Kifaa cha USB kikivuta nusu ampea unapoteza volti 2.1 njiani, kwa hiyo 5 zilizotoka dukani zimefika sebuleni 2.9, na kibodi yenye taa haiwezi kuamka kwa volti hizo. Kwa ile kebo ya aluminiamu omu zinapanda kama mara moja na nusu, jaza mwenyewe.

Hatua ya 7, kuwasha. Washa TV kwanza, kisha viboksi, kompyuta mwisho. Sababu ni kwamba TV inaiambia kompyuta ukubwa wa picha inayoweza, hiyo habari inaitwa EDID, na isipofika kompyuta inabahatisha unapata picha ndogo ya 1024 kwa 768 kwenye TV kubwa.

MASWALI YA MEMBA

Memba wa Mbale: Asante mwalimu. Mimi picha inakuja safi lakini kila dakika chache inazima inarudi. Kebo ni mita 40.

Jibu: Karibu kaka. Kwanza shusha fremu kutoka 60 mpaka 30 kwenye mipangilio ya skrini, ikitulia basi inaelekea zaidi ni kebo au krimpu kuliko ekstenda. Kata RJ45 zote mbili krimpu upya, na ukiwa hapo ukwangue waya pia kama nilivyosema hatua ya 3.

Memba wa Arua: Ssebo naweza kuchomeka ekstenda kwenye ruta, maana plagi ni ile ile?

Jibu: Hapana ssebo, hapana kabisa. Plagi ni ile ile lakini hizi za moja kwa moja hazizungumzi lugha ya ruta. Na kibaya zaidi, kama pale kuna kile kiadapta kinachotuma umeme kwenye kebo kwa ajili ya antena ya intaneti, volti 24 au 48 zinaingia kwenye kiboksi chako na utasikia harufu. Tia lebo kwenye kebo pande zote mbili ili hata mtoto asikosee.

Memba wa Bombo: Shikamoo. Mimi ni mama wa nyumbani nina ofisi ndogo nyumba ya nje, kutoka nyumba kubwa ni kama mita 35 hivi, kebo itapita hewani kwenye nguzo. Ni salama?

Jibu: Marahaba mama. Hapo ningekuomba usipitishe shaba hewani. Upande wetu huu karibu na ziwa radi ni nyingi mno, na siyo lazima ipige kebo yenyewe, ikipiga mti wa jirani tu inaingia. Tena nyumba mbili zina ethi mbili, zile waya za umeme zinazoingia ardhini, umeme unaweza kutembea kwenye kebo yako hata bila mvua. Tafuta ekstenda ya faiba, zipo zinazobeba picha na USB pamoja, faiba ni kioo haipitishi umeme, izike kwenye paipu chini ya ardhi. Na wingu likijifunga chomoa pande zote mbili, siyo kuzima swichi, kuchomoa.

Memba wa Jinja: Kibodi inaenda vizuri ila nikiweka flashi sebuleni inakopi kama konokono.

Jibu: Ekstenda yako USB yake ni ile ya zamani, 1.1, megabiti 12 kwa sekunde. Gigabaiti moja kwa kasi hiyo ni dakika 11 hata ikienda bila kupoteza kitu. Kwa kibodi na mausi inatosha sana. Flashi chomeka dukani, au nunua ekstenda iliyoandikwa megabiti 480, na kamera ya mikutano pia itataka hiyo hiyo.

Memba wa Mbarara: Kwa nini usitumie wifi tu ukarusha skrini?

Jibu: Kuangalia sinema rusha tu, hata mimi narusha kutoka kwenye simu. Lakini kwangu kuta ni tatu za tofali nene, na mtoto akiwa anaandika mtihani wa majaribio herufi zikichelewa anabonyeza mara mbili anachanganyikiwa. Kebo haikatiki jirani akiwasha ruta yake.

Memba wa Mbale: Mwalimu nimerudi. Nimeshusha mpaka 30 imetulia, nimekwangua waya, ni mweupe ndani.

Jibu: Pole sana kaka. Hiyo kebo usiitupe, kata vipande vifupi vya kuunganishia ruta na kompyuta. Ukinunua nyingine nenda na wembe, na kabla hujapanda darini, iunganishe yote ikiwa bado kwenye boksi uitazame picha saa nzima hapo chini.