Ugonjwa ukiingia mjini, ficha mtaji kwanza

Mimi ni muuza mahamri na mbaazi asubuhi, viazi karai jioni, hapa Majengo, Mombasa. Ukisikia tena habari za ugonjwa, usianze na barakoa. Anza na mtaji.

Kafyu ya korona ilipoanza Machi 27, 2020, saa moja jioni hadi saa kumi na moja alfajiri, biashara yangu ya jioni ilikufa siku ile ile. Mtaji hakuuiba mtu, uliliwa nyumbani. Leo sukari, kesho gesi, na watoto shule zimefungwa. Mtoto anayeshinda nyumbani hula kila akipita jikoni. Mwezi haujaisha, sina hata pesa ya pakiti moja ya unga. Kwa hivyo siku ya kwanza tu, toa pesa ya unga, mafuta na hamira ya siku tatu, umwekeshe mtu asiyekuonea haya. Mimi humpa dada yangu. Huyo hata nikilia hanipi.

Kisha tazama chakula chako kinaharibikia wapi. Viazi karai vikipoa hulegea, havina ladha, na Ramadhani ile watu walitaka kununua mapema wawahi nyumbani. Nikaanza kuuza saa tisa alasiri: viazi nimeshavichemsha, unga wa kuchovyea umekorogwa na bizari kwenye mfuko wake, ukwaju mfuko mwingine. Mteja anakaanga mwenyewe karibu na adhana. Kuni na mafuta yake, bei ileile! Usione haya, hiyo ni faida.

Namba za wateja ziandike mapema, kabla hamjafungiwa. Mwaka ule kutumiana M-Pesa isiyozidi shilingi 1,000 kulikuwa bure mpaka Desemba, na wazee waliokuwa wakiniambia “mimi pesa za simu sitaki” wakazoea.

Chama chenu cha kuchangiana pesa msikivunje. Sisi tulishusha mchango kutoka mia mbili hadi hamsini, basi.

La mwisho ni madeni. Mei 6 walipofunga Mji wa Kale, nusu ya wateja wangu walikuwa ndani, na daftari langu limejaa majina yao. Tangu hapo mtu hapiti deni la shilingi mia, hata awe shemeji. Wawili wa Kibokoni, mtaa wa humo Mji wa Kale, hawajanilipa hadi leo, na kila Ijumaa huja kuniuliza mbona mahamri yamekuwa madogo.