Kagua kama riwaya ya fantasia inajitegemea kabla hujalipa

Kwenye meza za vitabu vya mitumba Arusha na Moshi, juzuu ya pili mara nyingi hukaa bila ya kwanza. Jalada la nyuma halisaidii, kazi yake ni kuuza. Fungua kurasa za mwanzo kabisa, utafute orodha ya vitabu vya mwandishi. Wachapishaji hupanga mfululizo chini ya kichwa chake. Jina la kitabu ulichoshika likiwa humo, angalia ni cha ngapi. Likikaa peke yake, au lisipokuwepo, ruka hadi kurasa za mwisho uone kama kuna sura ya kuonjesha ya kitabu kinachofuata. Piranesi ya Susanna Clarke (2020) na Uprooted ya Naomi Novik (2015) chukua bila wasiwasi. Njia hii hukwama kwa chapa zilizotoka kabla mwendelezo haujaandikwa. Wakati mwingine haidhuru: The Priory of the Orange Tree ya Samantha Shannon (2019) ilifuatwa mwaka 2023 na riwaya ya dunia ileile, lakini ya matukio ya zamani zaidi, kwa hiyo yoyote unaweza kuanza nayo. Ukitaka ya Kiswahili, Kusadikika ya Shaaban Robert inaisha kabla basi la Moshi halijafika Dar.