Shule inabana maksi na mtoto anaomba chuo Marekani: fanya hivi

Kijana wa kwanza niliyemwombea chuo Marekani nilimharibia mwenyewe. Alikuwa PCM, wa pili darasani, na transkripti niliyoigonga mhuri ilisomeka hivi: Fizikia 54, Kemia 61, Hisabati 58. Basi, hakuna neno jingine. Nilijaza fomu usiku mmoja, intaneti ya shule ikikatika kila baada ya dakika kumi, nikatuma vyuo sita na kwenda kulala nikiwa na fahari. Machi majibu yakaja, sita yote ya pole. Julai NECTA, Baraza la Mitihani, ikatangaza matokeo ya Kidato cha Sita, na kijana yuleyule akatoka na divisheni wani ya pointi tatu. A tatu kavu.

Mimi ni mwalimu wa taaluma katika shule binafsi mkoani Kilimanjaro, na nafundisha Kemia. Tangu mwaka ule nimewaombea wengine, baadhi wamepata na baadhi wamekosa, ila hakuna tena aliyekosa kwa sababu ya uvivu wangu. Naandika kwa walimu wenzangu waliobebeshwa kazi hii bila kufundishwa, na kwa mzazi anayeishika ripoti ya mwanawe na kujiuliza kama 58 itamfikisha popote.

Ukibana maksi kwa anayebaki nchini, humdhuru. TCU, Tume ya Vyuo Vikuu, inaangalia matokeo ya NECTA: ufaulu wa masomo mawili ya msingi na jumla ya pointi nne kwa uchache, kisha vigezo vya kozi yenyewe. Mlimani au Muhimbili hawataki kujua mtihani wa muhula ulipata ngapi. Kwa hiyo maksi zetu za ndani ni kiboko tu. Mwenzangu wa Fizikia anakata maksi moja ukisahau kipimo, anakata nyingine ukiandika jibu bila hatua, na swali la mwisho analitoa kwenye mada aliyoimaliza juzi jioni. Ukimuuliza anasema, "Wakiniona mimi, NECTA wataiona laini." Na kweli wanaiona laini. Juu ya hapo kuna wastani wa kupanda darasa, ambao shule nyingi binafsi huuweka juu ili anayeyumba aondoke mapema asije akashusha matokeo ya shule. Mchezo huo ulinoga enzi za kutangazwa shule kumi bora. NECTA waliacha kutangaza Januari 2023, tabia ikabaki.

Marekani kalenda ndiyo inayotuumiza. Kwa vyuo vingi maombi ya mapema hufungwa tarehe 1 Novemba, ya kawaida mwanzoni mwa Januari, na NECTA ya Kidato cha Sita ni Mei. Anayesoma faili la mtoto wako hana A tatu mezani, ana kile kiboko chako. Tena anakisoma kwa macho ya kwao. Katika shule nyingi za Marekani A huanzia 90, na chini ya 60 umefeli. Kwetu Kidato cha Nne A huanzia 75, B 65, C 45. Kidato cha Sita A ni 80, B 70, C 60, D 50. Mtoto mwenye 74 Kidato cha Nne amekosa A kwa maksi moja, lakini kule huyo ni C. Na 54 ya kijana wangu? F. Nilimtuma akiwa amefeli, na mhuri juu.

Kazi ya kwanza, basi, haiko kwenye kompyuta. Iko stoo. Chukua matokeo ya NECTA ya shule yako ya miaka mitatu iliyopita, yako kwenye tovuti yao, uyachape. Toa ripoti za ndani za madarasa hayohayo, muhula wa kwanza wa Kidato cha Sita, maana ndizo zinazolingana na zile utakazotuma. Tatizo ni kwamba NECTA wanaandika namba za mtihani na ripoti zako zina majina, hivyo utahitaji ile orodha ya usajili ya kuoanisha. Mimi ilinila Jumamosi mbili, nimekaa juu ya kasha la vitabu vya zamani, rula mkononi nisiruke mstari. Katika Ekseli weka safu mbili tu kwa kila somo: maksi ya ndani, gredi ya NECTA. Panga kuanzia juu kwenda chini.

Ukishapanga, tazama. Kwenye Fizikia yetu, waliopata kati ya 50 na 59 kwa mwalimu yule karibu wote walitoka na A au B. Chini ya 40 ndipo C na D zilipoanza. Kemia yangu mimi ilikuwa tofauti kidogo, na niliona aibu: nabana walioko katikati kuliko walioko juu, bila sababu ninayoweza kuitetea. Usishangae jedwali likikusema na wewe. Majina na namba za watoto viondoe, bakiza makundi: 60 na zaidi walipata nini, 50 hadi 59 walipata nini. Usifiche waliofanya vibaya, kwa sababu jedwali lisilo na doa haliaminiki, na matokeo ya shule yako yako hadharani kwa yeyote mwenye simu.

Jedwali hilo ndilo moyo wa wasifu wa shule, karatasi ambayo mfumo wa Common App, unaopokea maombi ya vyuo vingi vya Marekani kwa fomu moja, unamtaka mshauri wa wanafunzi aipakie. Kwa shule zetu nyingi mshauri huyo ni wewe, au mkuu wa shule. Iwe ukurasa mmoja, ikizidi sana kurasa mbili, kwa Kiingereza cha kawaida. Nimewahi kuona ya shule moja yenye kurasa tisa na picha ya basi. Anayesoma huenda amepewa Afrika nzima peke yake na ana dakika chache kwa kila mtoto. Mpe vipimo vya gredi vya NECTA vya Kidato cha Nne na cha Sita. Mpe jedwali. Mweleze kwamba mtihani wa taifa unasahihishwa nje ya shule. Mwambie mliwapokea wangapi Kidato cha Kwanza, wangapi walichujwa njiani, maana nafasi ya 20 katika darasa lililokwisha pepetwa si sawa na nafasi ya 20 katika darasa la wote.

Na kuna jambo ambalo mimi sikuliwaza kabisa hadi mzazi mmoja aishiye Maryland aliponiuliza: mbona transkripti ina masomo manne tu? Mwanafunzi wa Marekani ana sita au saba, kwa hiyo wa PCM wa wakati ule, mwenye Fizikia, Kemia, Hisabati za juu na General Studies, alionekana amepumzika. Andika waziwazi kwamba Kidato cha Tano na cha Sita ni tahasusi ya masomo matatu kwa kina kwa miaka miwili, na kwamba kabla ya hapo alifanya mtihani wa taifa wa masomo mengi zaidi. Matokeo ya Kidato cha Nne ambatanisha. Hayo ndiyo matokeo ya karibuni ya mtihani wa taifa aliyonayo wakati anaomba, na wengi wanayasahau kabatini.

Sasa fomu. Itakuuliza GPA, wastani wa gredi ambao kwao kwa kawaida hupimwa hadi 4. Usiibuni. Niliona mwalimu akigawa 61 kwa 25 kupata "2.44", akaiandika, akamzika mtoto kwa kalamu yake mwenyewe. Kama shule haina GPA, sema haina, na uache maksi zikae kwenye mia na kipimo chake pembeni. Itakuuliza nafasi darasani, na hapa una uhuru wa kuchagua: nafasi kamili, au kumi bora kwa mia, au robo, au kutotoa. Anayebanwa maksi lakini yuko juu darasani, toa nafasi kamili. Kijana wangu wa 54 alikuwa wa pili! Neno hilo moja lingebadilisha karatasi nzima na sikuliandika. Utaulizwa pia kama masomo aliyochagua ni magumu kiasi gani ukilinganisha na wenzake. PCM au PCB (Fizikia, Kemia, Baiolojia) yenye Hisabati katika shule yako ikiwa ndiyo ngumu kuliko zote, weka alama kwenye kisanduku cha mwisho kabisa. Huo si uongo wala majivuno.

Visanduku vya walimu wanaopendekeza ndivyo vinavyonitoa jasho kila mwaka. Fomu ya mwalimu ina ngazi: chini ya wastani, wastani, vizuri, vizuri sana, kisha bora wa kumi kwa mia, bora wa tano kwa mia, na mwisho mmoja wa wachache niliopata kukutana nao. Mwenzangu wa Fizikia alimtia tiki "vizuri" mtoto aliyempenda kuliko wote. Nikamwambia, "Mwalimu, hiyo ni ngazi ya tatu kutoka chini." Akanijibu, "Mimi nikisema vizuri, ni vizuri kweli." Ndivyo tulivyo: mwalimu mkali hasifu hovyo, na sifa yake ina uzito hapa nyumbani, lakini haivuki maji. Kaa naye, mfungulie fomu, msome ngazi moja moja kwa sauti. Muulize katika miaka yake yote ya kufundisha, watoto wangapi walimzidi huyu. Akijibu "wawili, watatu," tayari anajua kisanduku chake. Tulibishana hadi chai ikapoa, akabadilisha.

Katika barua mwambie aeleze mtihani wake kwa mfano mmoja. Si "mwanafunzi huyu ana bidii na nidhamu," barua zote zina hayo. Aandike: katika mtihani wangu wa Novemba wastani wa darasa ulikuwa 41, maksi ya juu kabisa 57, yeye alipata 54, na alikuwa pekee aliyemaliza swali la mzunguko wa umeme. Sentensi hiyo naipenda kuliko aya tatu za sifa.

Kwa nini urudie jambo moja kwenye wasifu, kwenye fomu na kwenye barua? Mwaka 2013 jarida la PLOS ONE lilichapisha utafiti wa Samuel Swift, Don Moore na wenzao kuhusu wanaochagua waombaji, wakiwamo wa udahili wa shahada za uzamili za biashara. Hata walipoonyeshwa kwamba chuo fulani kinamwaga maksi na kingine kinabana, bado waliwapendelea wenye maksi kubwa. Namba inaingia akilini kabla ya maelezo. Mimi nachukulia kwamba nikisema mara moja sijasema.

Wazazi watakuja. "Mwalimu, si umpandishie tu kidogo, nani atajua?" Nimeulizwa hivyo na mama mmoja ofisini, kwa heshima zote, mkononi ana kifuko cha parachichi. Nilimjibu, "Mama, ripoti za mihula yote unazo wewe nyumbani, nakala ziko kwenye faili, na Julai NECTA itasema yake. Zikigongana, si mwanao tu, na wadogo zake wanaokuja nyuma hawatasomwa tena na chuo hicho." Parachichi nilizipokea, maksi sikugusa. Kitu alichokuwa na haki ya kudai, na nikampa, ni kuona wasifu wa shule kabla haujatumwa. Mzazi unayesoma, dai hivyo. Uliza Agosti, usiuombe Desemba. Ukiambiwa shule haina wasifu, jitolee kuuchapa.

Alama za SAT, mtihani wa kuombea vyuo vya Marekani, zinasaidia sana mtoto wa shule inayobana, kwa kuwa ni kipimo ambacho msomaji wa kule anakijua tayari. MIT walirudisha sharti la mtihani 2022, Dartmouth na Harvard wakafuata 2024. Vyuo ambavyo havilazimishi, mimi namshauri mwenye alama nzuri azitume hata hivyo. Ofisi ya EducationUSA Dar es Salaam hushauri bila malipo, waandikie mapema.

Dawa ya kudumu ilikuwa rahisi kuliko nilivyodhani, na haikumgusa mwalimu yeyote kwenye ukali wake. Tuliongeza safu mbili kwenye ripoti ya muhula. Zamani: Fizikia 54. Siku hizi: Fizikia 54, wastani wa darasa 41, ya juu 57. Mkuu wa shule aliogopa wazazi watalalamika wakiona wastani wa 41. Walilalamika muhula mmoja. Faida ni kwamba transkripti sasa inajieleza yenyewe, hata nikihama shule.

Baada ya kutuma, kazi haijaisha. Februari kuna ripoti ya katikati ya mwaka, na hapo moko, mtihani wa majaribio kabla ya NECTA, huwa umekaribia au umepita. Kama moko imeshuka kwa sababu ndiyo desturi ya moko, andika hivyo, na uweke wastani wa darasa pembeni. Julai matokeo yakitoka, tuma ripoti ya mwisho siku hiyohiyo na nakala ya NECTA, hata kwa aliyekwishapata nafasi.

Kisha fungua ile Ekseli na uongeze darasa hilo chini. Yangu, mstari mmoja upande wa Fizikia ni wa kijana yule: 54, A. Siku hizi yuko Mlimani anasomea uhandisi wa umeme, na kila likizo hupita ofisini kuniuliza kama nimetuma fomu za mwaka huu.