Kabla hujashuka Left Gully theluji ikiwa mpya: mambo ya kuzingatia

Kila Desemba ikiingia, picha huanza kuzunguka kwenye makundi ya simu ya vijana wetu wa Concord, Manchester na Lewiston, miji ya New Hampshire na Maine: mtu kasimama juu ya Left Gully, mojawapo ya makorongo meupe ya bonde la Tuckerman Ravine mlimani Mount Washington, skii za kutelezea begani, na chini ya picha swali moja tu, nani yuko tayari Jumamosi? Wanaojibu kuwa wako tayari ni wengi kuliko walio tayari kweli. Haya ndiyo ninayomwambia kila anayeniuliza, na baadhi ya wasioniuliza.

Usiudharau mlima kwa kimo chake. Mount Washington, hapa New Hampshire, una mita 1,917. Waliowahi kupanda Kilimanjaro ndio huwa wa kwanza kucheka, kwa kuwa kilele hiki hakifiki hata theluthi ya ule wa kwetu. Kiko karibu sawa na lango la Marangu, ambapo mtu ndiyo kwanza anajiandikisha. Lakini tarehe 12 Aprili 1934 kituo cha hali ya hewa kilichoko kileleni hapo kilipima upepo wa kilomita 372 kwa saa, na rekodi hiyo haikuvunjwa popote duniani mpaka kimbunga cha kisiwa cha Barrow, Australia, mwaka 1996. Upepo ndio mwenye mlima. Mara nyingi huvuma kutoka magharibi na kaskazini-magharibi, unakomba theluji kwenye tambarare za chini ya kilele na kuimwaga upande wa mashariki, ndani ya Tuckerman. Ukisikia zimeanguka sentimita kumi na tano, usitegemee kukuta sentimita kumi na tano ndani ya korongo. Unaweza kuzama hadi kiunoni mahali pamoja, na hatua chache pembeni ukakanyaga barafu tupu.

Tena theluji iliyoletwa na upepo mara nyingi si ule unga laini unaouona kwenye picha. Punje zake zimevunjwavunjwa na kushindiliwa, zikawa bamba moja lililoshikana. Bamba hilo likilalia ukoko mgumu wa zamani, ni mkeka uliotandikwa kwenye sakafu yenye maji ya sabuni. Maporomoko ya theluji ya namna hii hutokea zaidi kwenye miteremko ya nyuzi 30 hadi 45. Left Gully iko humo humo, na sehemu yake ya juu ndiyo kali zaidi. Kwa hiyo mteremko unaokuvutia ndio huo huo unaoporomoka, hakuna namna ya kuvitenganisha.

Soma taarifa ya Mount Washington Avalanche Center, kituo kinachotoa tahadhari za maporomoko mlimani hapa, asubuhi ya siku yenyewe. Ya jana ni ya jana. Hatari hupangwa kwa ngazi tano, na watu hupenda kuichukulia ya tatu kuwa ni ya katikati, yaani si mbaya sana. Sivyo. Ngazi ya tatu maana yake ni kwamba mtu mmoja akipita mahali pabaya anaweza kabisa kuliachia poromoko. Mimi ngazi ya tatu nabaki msituni, kwenye njia ya Sherburne, na sioni haya. Na usiishie kwenye namba. Soma maelezo yanayokuambia hatari iko upande gani na imesababishwa na nini.

Vifaa sitavizungumzia sana. Kila mtu awe na bikoni, yaani kile kidude cha kifuani kinachotoa mawimbi ili ukifukiwa wenzako wakupate, pamoja na ufito wa kuchomea theluji usiopungua mita 2.4, na koleo la chuma. La plastiki waachie watoto. Betri ziwe mpya. Simu ikae mbali na bikoni, angalau sentimita 20 wakati wa kutembea na 50 wakati wa kutafuta, kwa sababu simu huivuruga. Kofia ngumu. Kramponi, yale meno ya chuma ya kufunga chini ya viatu, na shoka la barafu, maana hapa hakuna lifti: unapanda kwa miguu korongo lile lile utakaloshuka. Taa ya kichwani hata kama umepanga kurudi mchana. Nguo za pamba acha nyumbani, zikilowa jasho zinakugandisha. Na ukinunua vifaa hivi vyote bila kujua kuvitumia, umepoteza hela. Kuna kozi ya msingi ya maporomoko, huwa ya siku tatu, isome. Kisha mwambie mwenzako afukie bikoni ndani ya mfuko kwenye uwanja wowote wenye theluji, uitafute huku anakuhesabia dakika. Utashangaa jinsi mikono inavyosahau.

Miguu pia uipime. Kutoka Pinkham Notch, mnakoegesha gari, hadi Hermit Lake, chini ya bonde lenyewe, ni kama kilomita nne, na unapanda zaidi ya mita 550, hapo hujagusa korongo. Ukifika umechoka, geuza. Pangeni saa ya kugeuza mkiwa bado garini, kwa sababu mkiwa juu, na theluji inang'aa, hakuna atakayeitaja.

Sasa suala la watu. Hili nalisema kwa kirefu kwa sababu kwenye orodha nyingi silioni, na mimi nililiona kwa macho.

Ilikuwa Jumamosi ya Februari, jua limetoka baada ya dhoruba, jambo ambalo mlima huu hautoi kila wiki. Taarifa ilisema ngazi ya pili, lakini ilitaja waziwazi mabamba ya upepo karibu na miamba na sehemu za juu za makorongo. Kabla ya saa mbili asubuhi maegesho yalikuwa yameshajaa. Tulipofika chini ya Left Gully tuliwakuta watu zaidi ya ishirini. Wengine walikuwa wanapanda kwa foleni kwenye ngazi ya nyayo iliyokanyagwa thelujini katikati ya korongo, wengine wamekaa chini yake wanakunywa chai, wengine wameshashuka na wanajiandaa kurudi tena. Michirizi sita au saba ilikuwa imeshachorwa kwenye theluji, na hakuna kilichokuwa kimesogea.

Hapo ndipo akili za watu hulala. Kila aliyefika aliitazama ile michirizi, akaona wenzake wamepita salama, akahitimisha kuwa korongo limeshajaribiwa. Wengi wape, husema wahenga, lakini bamba la theluji halipigiwi kura. Linaweza kustahimili uzito wa watu kumi na kuachia kwa wa kumi na moja, kwa sababu huyo kapita mahali lilipo jembamba, pembeni mwa mwamba, ambapo uzito wake unafika hadi kwenye tabaka dhaifu la chini.

Ndivyo ilivyokuwa. Mtelezaji mmoja, stadi kuliko wengi wetu tuliokuwa pale, alitafuta theluji ambayo haijaguswa na mtu, akasogea pembeni karibu na mwamba. Sikusikia mshindo wowote. Niliona ufa umejichora juu yake, kisha upande ule wote ukaanza kwenda. Yeye mwenyewe alichepuka akabaki amesimama. Waliokumbwa ni waliokuwa chini yake, kwenye ile ngazi ya nyayo, watu ambao hakuwajua wala hawakumjua.

Wawili walisombwa. Mmoja alisimamia chini akiwa amefukiwa hadi kiunoni, paja limevunjika. Wa pili hakuonekana kabisa.

Watu walikimbilia kusaidia, na hapo ukatokea ubaya mwingine wa umati. Bikoni zote hutumia masafa yale yale, kilohezi 457, bila kujali zimetengenezwa na nani, na ndiyo maana zinaweza kupatana. Wale waliokuja mbio hawakuzigeuza za kwao kutoka kutuma mawimbi ziwe za kutafuta. Zilikuwa bado vifuani zinatuma mawimbi. Kila aliyekuwa anatafuta alielekezwa kwa mtu asiyefukiwa, aliyesimama mbele yake na koleo mkononi. Huyu anakwenda kushoto, yule anakwenda kulia, na wote vifaa vyao vinawaambia wamefika. Dakika zikaliwa hivyo. Mwishowe mwanamke mmoja wa makamo, ambaye hakuwa wa kundi la waliosombwa, alipanda juu ya jiwe akapaza sauti: kila mtu ageuze bikoni yake iwe ya kutafuta, na asiye na kazi aondoke pale. Baada ya hapo mishale ya bikoni zote ikaelekea mahali pamoja. Walimkuta kwenye kina cha karibu mita moja, midomo imebadilika rangi, lakini anapumua. Wengi wanaofukuliwa ndani ya dakika 10 huwa hai. Ikifika nusu saa, wengi wameshakosa hewa. Yeye alitoka katikati ya hapo, na sitaki kuhesabu zaidi. Yule wa paja alifungwa kwenye machela, akashushwa kwa mikono hadi Hermit Lake, na alipofika barabarani jua lilikuwa limeshazama.

Basi usipande korongo ambalo juu yake kuna watu usiowajua. Subiri lisafike, hata kama theluji tamu inaisha mbele ya macho yako. Usikae wala kula kwenye mkondo ambako poromoko litamwagikia. Sogea pembeni, nyuma ya mwamba au kwenye miti. Shukeni mmoja mmoja, na anayengoja angoje mahali pa kujikinga, si katikati ya korongo akipiga video. Salimiana na makundi mengine: waulize wanapitia wapi, waambie na wewe unapitia wapi. Najua sisi tunaona haya kuwasemesha Wazungu tusiowajua mlimani, tunahisi labda watatuona washamba. Wasemeshe. Na likitokea la kutokea, kabla hujachukua hatua hata moja, geuza bikoni yako na uwaamuru walio karibu wageuze za kwao. Amuru, usiombe.

Foleni ikiwa ndefu na huna nafasi ya kungoja, rudi. Ravine hii ina makorongo mengine, ingawa yote hupokea upepo ule ule, kwa hiyo usihamie la jirani kwa hasira.

Kuna mambo ya hela ambayo huwa tunayakwepa mpaka bili ije. Jimbo la New Hampshire huuza kadi iitwayo Hike Safe, dola 25 kwa mtu mmoja kwa mwaka, inayokuondolea deni la gharama za kutafutwa na kuokolewa, mradi usiwe umefanya uzembe mkubwa. Si bima, na gari la wagonjwa na hospitali viko palepale. Piga simu kampuni yako ya bima kabla ya msimu, uliza kama wanalipia ajali za mlimani, na uandike jina la aliyekujibu.

Mtu wa nyumbani ajue mnapita korongo gani, mko wangapi na saa ngapi apige namba ya dharura, 911, kama hamjajitokeza. Kumwambia tu kwamba mnaenda kuteleza hakumsaidii mtafutaji. Mtandao kule juu hukatika, na betri ya simu hufa kwa baridi, kwa hiyo iweke karibu na mwili, ila kumbuka nilichosema kuhusu bikoni.

Ukiahirisha mpaka Aprili kwa kudhani majira ya kuchipua ni salama, jua kuwa hapo hatari zinabadilika tu. Vipande vya barafu hukatika kutoka ukutani na kuangukia Lunch Rocks, mahali ambapo watu wengi hupenda kukaa kula, na maji yanayopita chini ya theluji huacha mashimo yasiyoonekana kwa juu. Miwani ya jua, mafuta ya ngozi, maji ya kutosha. Mtu mweusi naye huungua, msidanganyane. Vidole vikianza kufa ganzi sema mapema, usingoje mpaka wakuone unashindwa kufunga zipu. Mwenye kiatu kinachombana aseme tukiwa bado kwenye maegesho. Anayekuja kwa mara ya kwanza asiwe wa mwisho kushuka, na asiachwe peke yake juu. Na Barabara ya 16 wakati wa kurudi usiku ina barafu, tena huvukwa na wale wanyama wakubwa wa jamii ya kulungu, warefu kuliko farasi, ambao taa za gari zinawapita chini ya tumbo. Endesha polepole, na aliyekaa mbele asilale, amwongeleshe dereva mpaka Concord.